Usiishie kwenye "Niombee Tu"

Kimara, Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe.

Tangu tulipoachana Jumapili pale kituo cha Gerezani, neno lako la mwisho halijanitoka. Nilikuuliza u hali gani, ukatazama chini, ukasema, "Niombee tu, kaka." Mwendokasi likaja, ukapanda. Nimekuombea. Lakini hilo "niombee tu" nalijua, maana nimelitumia miaka miwili.

Nilikuwa nabeti. Sijawahi kukwambia. Nilianza na buku moja nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, na mwisho nikawa naamka saa nane usiku kutazama mkeka wa mechi nilizobetia, mke wangu akidhani nimeamka kusali. Mkeka ukichanika naapa mbele za Mungu kwamba huo ndio wa mwisho, na nilikuwa namaanisha kabisa. Januari mwaka jana niliweka ada ya binti yetu, laki tatu na nusu. Ikaenda yote.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilisimama kwenye jumuiya nikasema, "Wapendwa, mniombee, nina mapito." Wakaomba mpaka wengine wakalia. Hakuna aliyeuliza mapito gani. Nikarudi nyumbani nimejificha vizuri zaidi kuliko nilivyokwenda, kwa sababu sasa hata maombi ya watu yalikuwa yananifunika.

Jumamosi iliyofuata mzee mmoja wa jumuiya, fundi seremala, alinisubiri nje. "Mapito ya kitu gani, mwanangu?" Nikamwambia. Hakushtuka wala hakunihubiria. Alitaka mke wangu ajue kabla jua halijazama, na kila mshahara ukiingia nimpelekee simu afungue miamala mwenyewe. Nikasema nitaona aibu. Akasema anajua, ila niende hivyohivyo.

Mwezi wa tatu alikuta buku tano imetoka. Nikasema ni vocha. Akanyamaza, akaendelea kupiga randa, mpaka nikasema kweli. Tukapiga magoti palepale kwenye maranda ya mbao. Tangu Mei sijaweka hata mia. Tamaa bado ipo, hasa siku za mechi, na siku hizo nampigia kabla ya kitu kingine chochote.

Nimesoma tena habari za Daudi na Bathsheba. Wale aliowatuma kuuliza mwanamke ni nani walijua. Waliokwenda kumchukua walijua. Yoabu, jemadari wake, alipokea barua ya kumuua Uria, mume wa Bathsheba, akatii. Jumba zima lilijua, na hakuna aliyemuuliza mfalme neno. Mtoto akazaliwa kabla nabii Nathani hajatumwa na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake. Siku hizi naiona kuwa huruma kubwa, Mungu kumpelekea mtu ambaye angeweza kumwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Bibi yangu wa Bukoba alikuwa Mlokole, katika uamsho ule uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukavuka mpaka Kagera. Wao walisema "kutembea nuruni": unakiri mbele ya wenzako, na ulichoiba unakirudisha kwa mwenyewe. Kutangaza kila kitu mbele ya umati sikubaliani nako. Kuna mambo yanayoumiza wasiohusika, na umbea wa kwaya unaujua. Lakini tumeiacha ile tabia ya kuulizana, na naona tumepata hasara kubwa.

Basi tafuta mtu mmoja. Awe mwanamume mwenzako, mwenye kifua, asiyekuogopa, na asiwe mtu anayekudai au unayemdai. Akikuuliza, mwambie lini, wapi, kiasi gani, na nani. Ukimwambia "nina udhaifu" atakuombea kama walivyoniombea mimi, na kesho utarudi kulekule.

Kama hujampata, nipo. Sijui ni pombe, ni mwanamke, ni fedha za ofisi; sitakisia. Alhamisi natoka kazini saa kumi na moja, saa moja nitakuwa kwako Mbagala. Nitakuuliza, na nitangoja jibu hata kama tutakaa kimya mpaka usiku. Simu yangu nitakuja nayo, nawe uifungue miamala yangu kwanza.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako katika Bwana