Dawa ya nywele na umri wa mtoto

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu dawa za kunyoosha nywele na saratani ya mfuko wa uzazi imezua mjadala mkubwa mtaani kwetu, na kwa siku tatu mfululizo nimesimamishwa njiani na akina mama wanaotaka kujua kama wamekwisha kujiangamiza kwa sababu wamekuwa wakiweka dawa tangu usichana wao. Nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka 31, kwa hiyo watu hudhani najua kila kitu kinachohusu mwili. Sijui kila kitu, lakini utafiti mlioutaja niliusoma, na naomba nafasi nieleze mambo ambayo makala iliyapitia haraka, hasa moja ambalo haikuligusa kabisa, nalo ni umri wa anayewekwa dawa.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyowatia watu hofu. Utafiti huo ulichapishwa Oktoba 2022 na watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya na mazingira. Walifuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11, na katika muda huo 378 waligunduliwa kuwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Mliandika kwamba hatari huongezeka zaidi ya mara mbili kwa anayeweka dawa zaidi ya mara nne kwa mwaka, na hilo ni kweli. Lakini mara mbili ya ngapi? Kwa mwanamke asiyetumia dawa hizo, uwezekano wa kuipata saratani hiyo kabla ya kufikia miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64, kwa anayetumia mara kwa mara, asilimia 4.05. Kwa lugha ya darasani, katika kila wanawake elfu moja ni kama 16 kwa kundi la kwanza na 40 kwa kundi la pili. Ongezeko hilo si dogo, wala siwezi kulipuuza, ila mama niliyemkuta analia kwenye duka la dawa alistahili kuelezwa pia habari za wale 960 waliobaki. Alistahili pia kuambiwa kwamba wanawake wote waliochunguzwa walikuwa na dada aliyewahi kuugua saratani ya matiti, na kwamba watafiti hawakukusanya majina ya bidhaa wala viambato vyake, hivyo hakuna anayeweza kulinyooshea kidole kopo fulani kwa ushahidi huo. Na kama kuna jambo moja la kumfaa mara moja, ni kwamba mwanamke aliyekwisha koma hedhi akiona damu tena, hata tone, asingoje wala asiulize jirani; aende hospitali, kwa sababu hiyo ndiyo dalili kuu ya saratani hiyo na mara nyingi huonekana ugonjwa ukiwa bado unatibika.

Sasa nije kwenye umri. Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, mjukuu wangu wa miaka saba alipelekwa saluni ili apendeze kwenye harusi ya shangazi yake. Nilikuwapo, nimekaa kwenye benchi nikisubiri, na nasikitika kwamba sikufungua mdomo. Fundi alimpaka mafuta ya mgando pembezoni mwa uso na nyuma ya masikio, akavaa glavu, kisha akaanza kupaka ile krimu nyeupe kwa mpini wa kitana, fungu kwa fungu. Mtoto akasema inawasha. Akaambiwa, "Vumilia mwanangu, dakika mbili tu." Dakika hizo zilipita kumi, na alipooshwa maji ya mwisho palikuwa na vidonda viwili nyuma ya sikio la kushoto, kimoja kikitoa majimaji. Fundi yule hana ubaya wa peke yake. Hivyo ndivyo inavyofanyika katika saluni nyingi, na mama zao nao walifanyiwa hivyo hivyo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba ngozi ya kichwa iliyoungua haizuii kitu vizuri, na kinachopakwa juu yake hupata njia ya kuingia.

Kwa nini nimhofie mtoto wa miaka saba kuliko bibi yake? Kwa sababu baadhi ya kemikali za dawa hizo zinashukiwa kuvuruga homoni, na titi, ambalo nalo huitikia homoni kama mfuko wa uzazi, ni kiungo cha pekee. Moyo na figo huzaliwa vimekwisha kuumbwa, lakini titi la mtoto wa kike ni vijimirija vichache tu nyuma ya chuchu, vinavyongoja miaka mingi mpaka ovari zianze kutoa estrojeni, homoni ya kike. Kinachongoja pale ni seli shina, ambazo wengine huziita seli mama, yaani seli zenye uwezo wa kujizalisha na pia kuzaa aina nyingine za seli. Mwaka 2006 watafiti wa Melbourne, Australia, walichukua seli moja tu kutoka kwenye titi la panya, wakaipandikiza ndani ya mafuta ya titi la panya mwingine, nayo ikaota titi zima lenye mirija na lenye uwezo wa kutoa maziwa. Miaka minne baadaye kundi hilo hilo lilionyesha jambo lililonishangaza zaidi. Seli hizo shina hazina vipokezi, yaani milango ya kupokelea ujumbe, vya estrojeni wala vya projesteroni, homoni nyingine ya kike, lakini panya alipotolewa ovari nguvu ya seli hizo ilififia, na alipobeba mimba idadi ya seli hizo iliongezeka mara 11 kwa muda. Habari huzifikia kupitia seli za jirani zenye vipokezi, ambazo hupokea ujumbe wa homoni na kuupitisha, kama vile mtu asiye na simu anavyopata taarifa za msiba kupitia simu ya jirani. Maana yake ni kwamba kemikali inayojifanya estrojeni haihitaji kuigusa seli shina yenyewe. Inatosha kumdanganya jirani. Na seli shina hukaa miaka mingi mwilini. Seli ya kawaida ikiharibika mara nyingi hufa na kuondoka na kosa lake, ilhali kosa lililoingia kwenye shina hurithiwa na kila seli itakayozaliwa hapo.

Huo ni ushahidi wa panya, na mtu ana haki ya kuniuliza kama binadamu nao wako hivyo. Kwa bahati mbaya jaribio la binadamu lilikwisha fanyika, bila mtu kulikusudia. Mwaka 1938, Charles Dodds na wenzake walitangaza estrojeni ya kutengenezwa maabara inayofahamika kwa ufupi kama DES. Ilikuwa rahisi kutengeneza, na nchini Marekani madaktari waliwapa wajawazito kwa wingi wakiamini inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1953 jaribio lililofanyika Chicago kwa wanawake zaidi ya 1,600 lilionyesha kwamba haizuii chochote, lakini vidonge viliendelea kuandikwa kwa karibu miaka 20 zaidi. Kisha mwaka 1971 madaktari wa Boston waliripoti wasichana wanane, wenye umri kati ya miaka 15 na 22, waliokuwa na saratani ya uke ya aina ambayo kwa kawaida haikuonekana kwa vijana. Mama saba kati ya wale wanane walikuwa wamemeza DES walipokuwa na mimba. Ugonjwa wenyewe ulibaki kuwa wa nadra, kama binti mmoja kati ya elfu waliokuwa tumboni wakati huo, lakini somo lake halina utata: aliyemeza alikuwa mama, na aliyeugua saratani hiyo ni mtoto aliyekuwa bado anaumbwa.

Mfano wa pili ni wa DDT, dawa ya kuua wadudu ambayo watu wa umri wangu wanaikumbuka kwa harufu yake. Huko Oakland, California, damu ya wajawazito ilihifadhiwa kuanzia 1959 hadi 1967, wakati DDT ikinyunyiziwa bila kizuizi, na miaka mingi baadaye mtafiti Barbara Cohn na wenzake waliipima. Wanawake waliokuwa na DDT nyingi katika damu walikuwa na hatari ya saratani ya matiti iliyofikia mara tano ya wenzao, lakini tu ikiwa walikutana na sumu hiyo kabla ya kutimiza miaka 14. Waliokutana nayo wakiwa wakubwa hawakuonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2015 wakatoa matokeo ya mabinti: wale ambao mama zao walikuwa na kiwango cha juu zaidi cha aina moja ya DDT walipata saratani ya matiti karibu mara nne ya wale ambao mama zao walikuwa na kiwango cha chini. Mtu akisoma takwimu hizo bila kuuliza umri, ataona uhusiano hafifu tu na ataendelea na shughuli zake.

Nikirudi kwenye saluni, lazima niseme wazi kwamba dawa ya nywele si DES, wala hakuna aliyethibitisha kwamba mtoto aliyewekwa dawa akiwa na miaka saba ataugua. Watafiti wale wale wa Marekani walipowauliza wanawake kuhusu ujana wao, hawakuona uhusiano na saratani ya matiti kwa jumla. Walichokiona ni ongezeko kwa saratani zinazotokea kabla ya kukoma hedhi, miongoni mwa waliotumia dawa mara kwa mara walipokuwa na miaka 10 hadi 13. Lakini mwaka 2018 taasisi moja ya utafiti ya Massachusetts ilipima bidhaa 18 za nywele zinazotumiwa na wanawake weusi, ikakuta kemikali 45 zinazohusishwa na kuvuruga homoni au kuleta pumu, nyingi zikiwa hazikuandikwa kwenye kifungashio. Dawa zilizokuwa na viwango vya juu zaidi vya kemikali tano zilizopigwa marufuku Ulaya au kudhibitiwa California zilikuwa zile za watoto. Nilirudia sentensi hiyo mara mbili nikidhani nimesoma vibaya. Kopo lenye picha ya binti anayetabasamu, ambalo mzazi hulinunua akiamini kwamba ni laini zaidi kwa sababu ni la mtoto!

Kwa hiyo ombi langu halihusu wanawake wazima, ambao wana haki ya kuamua wenyewe wakishapewa takwimu zilizo sahihi. Nawaomba wazazi wasiweke watoto dawa mpaka wamalize kubalehe, na wanaotaka wapendeze kwenye harusi wawasuke; mtoto mwenye twende kilioni iliyosukwa vizuri hapungukiwi na kitu. Nawaomba mafundi wakatae, wakijua kwamba watapoteza wateja kidogo msimu wa likizo. Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia vipodozi nchini Tanzania badala ya mamlaka ya dawa, nalo lianze na rafu hii kabla ya nyingine, lipime yaliyomo na kuyalinganisha na yaliyoandikwa.

Kasha la dawa aliyowekwa mjukuu wangu nililichukua siku ile na ninalo mezani ninapoandika. Viambato vimeandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba nimelazimika kutumia kioo cha kukuzia, na karibu na mwisho wa orodha limesimama neno moja lenye maana ya manukato, ambalo kwa desturi ya vipodozi linaweza kubeba kemikali kadhaa zisizotajwa. Kama gazeti lenu lina njia ya kulifikisha maabara, nitalileta ofisini kwenu.

Mwalimu mstaafu,
Tanga