Barua ya wazi kwa Meya: samoni wanakufa na mayai tumboni

Mheshimiwa Meya,

Mimi ni mkazi wako hapa kusini mwa Seattle. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta ofisini kwako zilijibiwa kwa sentensi moja: samoni hufa wakisharudi mtoni, ndiyo maumbile yao.

Ni kweli. Koho, aina ya samoni, huzaliwa kijitoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi kijito kile kile kutaga na kufa. Ila hufa akishataga. Novemba iliyopita, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, tulimkuta jike akizungukazunguka kwenye maji ya magoti, kalala ubavu, mdomo wazi. Hakumaliza saa. Jirani yangu akampasua, maana ndivyo tulivyofundishwa sisi tunaojitolea kuhesabu mizoga. Mayai yakammwagikia kwenye glavu, rangi ya chungwa, makubwa kama njegere, tumbo zima. Tukajaza fomu: "hakutaga". Mimi mtoto wa mvuvi wa Kilwa nimezoea samaki mfu, lakini wa namna ile sikuwahi kumwona.

Kinachowaua kinajulikana tangu 2020, na waliokigundua ni watafiti wa humu humu jimboni Washington. Matairi hutiwa kemikali iitwayo 6PPD ili raba isipasuke. Ikikutana na ozoni, gesi iliyomo hewani, hugeuka sumu, na mvua huosha vumbi la tairi barabarani likaishia mtoni. Maji hayo hayo yakipitishwa kwanza kwenye mchanga na mboji, koho wanaishi. Nalo limejaribiwa, likathibitika.

Sasa tuje kwenye yale maegesho ya magari nyuma ya maduka. Bomba lake linamwaga kijitoni moja kwa moja, hatua chache tu juu ya pale tulipomkuta yule jike. Tuliomba kuchimba mtaro wa kuchujia pembeni yake. Mboji tumeahidiwa, koleo tunazo, watu wapo, hata wazee wa kanisani wamejiandikisha. Tunachokosa ni kibali chako na fundi wa mji wa kugeuza bomba. Tukaambiwa tusubiri bajeti.

Najua hukumu ya makalavati, yale mabomba ya chini ya barabara yanayomzuia samoni kupanda mtoni, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha isimame mwaka 2018, inalibana jimbo, si mji wako. Makabila ya wenyeji wa asili yaliyoshinda kesi ile yalikuwa yakidai haki ya kuvua waliyoandikiwa kwenye mikataba ya 1854 na 1855. Lakini samaki akipanuliwa kalavati apite, halafu apokewe na sumu huko juu, wenyeji hao wamepewa nini?

Mvua kubwa huanza Oktoba. Mtaro tunaumaliza kwa Jumamosi mbili, tukipata saini yako kabla ya hapo. Na ukitaka kujionea mwenyewe, Novemba tuko kijitoni kila Jumamosi saa mbili asubuhi. Gambuti za ziada ninazo.

Mkazi wako,
mhesabu samoni