Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gharama za Matibabu kwa Wanachama Wenye Ulemavu

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Mwaka huu hapana jambo lililoletwa ofisini kwetu Chake Chake, Pemba, mara nyingi kuliko gharama za matibabu. Matibabu bila malipo ni ahadi iliyotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964. Hata hivyo, anayetumia kiti cha magurudumu anajua kwamba fedha yake haiishii kwa daktari, bali njiani na dukani: gari ya kukodi kutoka Micheweni, tiketi za boti za mgonjwa na msindikizaji wake wanapopewa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mipira ya mkojo, na mafuta ya kukinga jua ya wenzetu wenye ualbino, ambayo hadi leo wapo wanaoyahesabu kuwa vipodozi.

Kuhusu mafao, naomba tuelewane, maana wengi wanayachanganya. Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016, ni ya mzee aliyetimiza miaka 70, hivyo kijana asiyeona haimhusu. Mafao ya ulemavu ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) ni ya mchangiaji aliyethibitishwa na madaktari kuwa hawezi tena kufanya kazi. Mvuvi au mkulima wa mwani ambaye hakuwahi kuchangia hana pa kuyadai. Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) nayo hupewa kaya maskini kwa ajili ya mahitaji yake yote, na kwa hiyo anayenunulia dawa huwa amepunguza chakula.

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa Sheria Namba 1 ya 2023, ulianza na watumishi wa umma. Kamati yenu inauona kuwa hatua njema, ila wengi wetu hatuna mwajiri wa kutukatia mchango. Kwa sababu hiyo tumeliomba Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu litusemee, ili asiye na kipato achangiwe, na vifaa saidizi vihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu.

Wakati tukisubiri jawabu, Kamati inapendekeza sehemu ya ada zetu itengwe kwa nauli za rufaa. Mwombaji alete kwa Katibu barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lake, na karatasi ya rufaa. Asiyeweza kufika mwenyewe amtume jamaa yake, na asirudishwe kwa sababu hiyo.