Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kongosho Limebakiwa na Nguvu Kiasi Gani?

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza kazi iliyoishughulisha kamati zaidi mwaka huu: kuhimiza kila mwenye sukari ajue kongosho lake bado linatoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kiasi gani kabla ya kubadilishiwa dawa.

Sehemu kubwa ya kongosho hutoa vimeng'enya vya kusagia chakula. Visiwa vya Langerhans, ambamo insulini hutengenezwa, ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake. Kila insulini moja inapokamilika, hukatika kipande kimoja kiitwacho peptaidi C, na vyote viwili huingia kwenye damu. Insulini ya sindano haina kipande hicho. Ndiyo maana hata anayejidunga kila siku anaweza kupimwa, na kitakachoonekana ni cha kongosho lake mwenyewe.

Majibu ya peptaidi C yakiwa chini ya pikomoli 200 kwa lita, sindano haiachwi hata siku moja. Yakizidi 600 miaka kadhaa baada ya ugonjwa kuanza, daktari ana sababu ya kujiuliza upya kama ni kweli kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kinga ya mwili huharibu visiwa hivyo vya insulini. Utafiti uliochapishwa 2025 kuhusu Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulikuta karibu theluthi mbili ya vijana waliohesabiwa kuwa na aina ya kwanza hawana kingamwili za ugonjwa huo, yaani alama za damu za shambulio hilo. Nawasihi wazazi msilielewe vibaya jambo hili: kukosa kingamwili si kuwa na insulini ya kutosha.

Kipimo chenyewe huharibika kwa urahisi. Damu ikiwekwa kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ile ya kifuniko cha zambarau, peptaidi C hustahimili saa 24 katika joto la chumba. Kwenye chupa ya kugandishia damu huoza mapema, na majibu hushuka kwa uongo. Muulizeni fundi wa maabara kabla hajachoma sindano. Sukari nayo ipimwe papo hapo, kwa sababu ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita kongosho hujizuia lenyewe. Figo dhaifu hufanya kinyume: kipande hakitoki mwilini, majibu yakapanda.

Kwa wenye selimundu, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), kinachosoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, kisitegemewe. Chembe zao za damu hufa mapema, namba ikaonekana nzuri kuliko hali ilivyo.

Insulini ambayo haijafunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, nyingi hudumu wiki 4 chini ya nyuzi 30. Wasio na friji wanatumia mtungi ndani ya mtungi, na mchanga mbichi katikati. Ni njia nzuri, ila hupoza kwa maji kukauka, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Wekeni kipimajoto ndani, na mtungi ukae kivulini penye upepo. Insulini iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kuhusu Ramadhani, mwenye kutumia sindano amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikizidi 16.7, afungue saa hiyo hiyo, hata kama adhana ya magharibi imebakisha dakika tano.