Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaoandaa Siku ya Baiskeli katika Mbuga ya Hell's Gate

Vijana wangu wa kamati,

Nimepata habari kwamba mnakusudia kuandaa siku ya baiskeli na mbio za miguu ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, na kwamba zipo kampuni zilizokwisha kuonyesha nia ya kuwadhamini. Nimefurahi kwa moyo wote. Nilifundisha shule za msingi za kando ya Ziwa Naivasha kwa miaka mingi, nikiwa pia mlezi wa klabu ya wanyamapori, na baadhi yenu niliwaongoza mimi mwenyewe kwa miguu kutoka lango la Elsa hadi Mnara wa Fischer, mkiwa mngali watoto wa kubebewa uji. Ninawaandikia hadharani kwa sababu shauri langu linawahusu wadhamini wenu na majirani wa mbuga pia, na ningependa wote walisikie kwa maneno yale yale.

Shauri lenyewe ni hili: kabla hamjapokea hata shilingi moja, andikeni katika mkataba ni kazi gani moja ya uhifadhi itakayofanywa kwa fedha hizo, nani ataifanya, na ni wapi mtu ataweza kwenda kuiona.

Niliwahi kuketi katika kamati kama yenu. Mdhamini alileta fulana, kofia na bango kubwa, watu wakakimbia, picha zikapigwa, na makubaliano yetu yalisema tu kwamba mapato yatasaidia uhifadhi. Gharama za siku hiyo zilimeza karibu fedha zote. Mzazi mmoja wa Kamere aliponiuliza baadaye ni kitu gani mbugani kilichonufaika, sikuwa na la kumjibu, na aibu ile ningali nayo. Hakuna aliyeiba. Tulikuwa tumetia sahihi maneno yasiyombana mtu yeyote.

Tazameni mfano ulio karibu nasi. Mashindano ya magari ya Rhino Charge yalianza mwaka 1989 yakiwa na lengo moja, yaani kulipatia shirika la Rhino Ark fedha za kujenga uzio wa umeme kwenye milima ya Aberdare. Mwanzoni uzio ulikusudiwa kuwakinga vifaru katika sehemu ndogo tu ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare. Lakini wakulima waliopakana na msitu walipoona kwamba ndovu hawaingii tena katika mahindi na viazi vyao, walitaka nao ufike kwao, na kazi ikakua kwa sababu majirani waliidai. Ilichukua miaka ishirini, hadi 2009, ndipo uzio wa takriban kilomita 400 ukakamilika, ukizunguka mbuga pamoja na msitu unaoizunguka. Mtu aliyechangia miaka ya mwanzo aliweza kwenda kuugusa mlingoti. Ushirikiano wa serikali, wafadhili, madereva na wakulima ulidumu muda huo wote kwa kuwa kila upande ulijua unachokijenga na kwa nini unakijenga.

Ninyi hamhitaji kazi kubwa kiasi hicho. Mkiniuliza, ningechagua watoto wa Karagita na Kamere, ambao wazazi wao wanafanya kazi katika mashamba ya maua, wanaoishi karibu kabisa na mbuga na ambao wengi niliowafundisha hawakuwahi kuvuka lango lake hadi shule ilipowapeleka. Nauli, kiingilio na mwongozaji kwa idadi ya wanafunzi mtakayoitaja, na orodha ya majina yao ibandikwe shuleni: hiyo ni kazi inayohesabika. Mbuga hii imekwisha kuwa na mbio za kusukuma toroli zilizoandaliwa ili kuchangia elimu ya uhifadhi, kwa hiyo hamtakuwa mnaanzisha jambo geni. Wengine kati yenu watapendelea kulinda njia ya wanyama kuelekea Mlima Longonot, nayo ni hoja nzito, ila inahusu ardhi za watu na inahitaji miaka mingi na wanasheria.

Kuhusu washirika, wa kwanza ni Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na msiwaendee mwishoni kuomba kibali cha jambo mlilokwisha kulitangaza. Mbuga ilitangazwa mwaka 1984 na ina kilomita za mraba 68 tu. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mtu anaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na neema hiyo inaweza kuondolewa tukiitumia vibaya. Waulizeni askari wa mbuga idadi ya watu inayofaa, kisha muikubali. Waulizeni pia habari za majabali ambako tumbusi hujenga viota. Tai mwenye ndevu, yule anayeangusha mifupa juu ya mwamba ili ivunjike, aliwahi kuzaliana hapa, akatoweka. Vipaza sauti vibaki nje ya lango.

Kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ni jirani kabla ya kuwa mdhamini, kwa maana kituo cha kwanza cha mvuke wa ardhini cha Olkaria kilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, miaka mitatu kabla ya mbuga kutangazwa. Jirani wa namna hiyo huombwa vitu vyenye uzito kuliko bango. Ombeni gari la wagonjwa, matangi ya maji, na watu waliofunzwa huduma ya kwanza.

Matangi nayasisitiza kwa sababu tangu Juni 5, 2020 plastiki zinazotumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zote za Kenya. Mdhamini akitaka kuwaletea maji ya chupa, mwambieni kwa heshima kwamba sheria haimruhusu, na kila mshiriki aje na chombo chake.

Sasa nafika kwenye jambo linaloninyima usingizi. Msipitishe njia ya mashindano ndani ya korongo la Ol Njorowa, hata kama mpiga picha wa mdhamini atawasihi. Mwaka 2012 vijana wa kanisa walisombwa humo na maji ya ghafla wakafa, na Septemba 2019 watu saba wakafa vivyo hivyo. Korongo hilo hupokea maji ya mvua iliyonyesha mbali, kwa hiyo mtu aliye chini anaona anga jeupe juu yake wakati mafuriko yako njiani, na korongo ni jembamba na kuta zake ni laini kiasi kwamba hana pa kushika. Andikeni katika mkataba kwamba afisa wa KWS akisema siku iahirishwe, itaahirishwa bila mdhamini kudai fidia. Asiyekubali kifungu hicho, mrudishieni fedha zake.

Kikao chenu kikikaribia, nileteeni rasimu nyumbani. Njooni na mweka hazina, na mmoja wenu amwombe mzee wa jamii ya Wamaasai wa upande wa Narasha aje pia, kwa kuwa yeye ni mshirika ambaye sijaona jina lake popote katika mipango yenu.

Mwalimu wenu mstaafu,
Naivasha