Kulala Ngorongoro mwezi wa nane: barua kwa Salum

Karatu, 6 Mei

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mama mkwe wako. Barua yako imefika salama, na orodha ya hoteli ndogo za kifahari uliyoiambatanisha, kwa safari yenu watatu ya Ngorongoro mwezi wa nane, nimeisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Kosa lake ni moja tu: umezipanga kwa nyota. Huku juu nyota hazikufunikii shuka. Hoteli ya kifahari ambayo bomba lake la moto linatoa maji vuguvugu alfajiri, nje kukiwa na nyuzi 7, itakukera kuliko gesti ya Sinza. Zipange upya kwa kimo na kwa umbali wa kufika njia ya kushukia kreta, lile shimo kubwa la volkano wanamokaa wanyama. Bei iangalie baadaye.

Karatu mjini kuna kimo cha mita 1,500 hivi. Ukingo wa kreta uko kati ya mita 2,200 na 2,400, na sakafu ya kreta yenyewe iko kama mita 600 chini ya ukingo. Kwa hiyo unapozungumzia "hoteli za Ngorongoro" unazungumzia hali mbili za hewa tofauti kabisa. Mwezi wa nane, usiku wa Karatu unataka sweta na blanketi zito. Usiku wa ukingoni hushuka chini ya nyuzi 10, na ziko siku unakaribia 5. Kwa mtu wa Dar hiyo si baridi ya kufanyia utani.

Halafu kuna ukungu, ambao vijitabu vya hoteli havipigi picha. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukifika kwenye mteremko wa mashariki na kusini unalazimika kupanda, hewa inapoa, inageuka wingu, na wingu linakaa palepale ukingoni. Ndiyo maana upande huo una msitu mnene unaochuruzika maji, na upande wa magharibi kwa Wamaasai ni nyasi kavu. Kati ya Juni na Agosti utafungua pazia asubuhi ukute nje ni kweupe kama tui la kwanza. Mandhari uliyoyalipia yapo, ila huyaoni. Mara nyingi yanafunguka saa 4 au saa 5, wakati wewe umeshashuka chini kutafuta faru, na huko chini kumbe kulikuwa hakuna ukungu tangu alfajiri. Anayelipia chumba cha ukingoni kwa ajili ya macheo mwezi wa nane anacheza bahati nasibu. Alasiri ndiyo ya uhakika zaidi.

Sasa ushauri wangu, kwa siku tatu mlizonazo: usiku wa kwanza laleni Karatu, wa pili ukingoni, wa tatu rudini Karatu. Siri iko kwenye kibali. Kibali cha kuingia hifadhini kinahesabiwa saa 24 tangu mnapopita lango la Loduare, hakihesabiwi kwa tarehe. Mkipita lango saa 8 mchana, mnafika hotelini saa 9 au saa 10, ukungu umeshaondoka, mnakunywa chai mkiiangalia kreta nzima hadi giza. Kesho yake saa 12 asubuhi njia za kushukia zinafunguliwa, ninyi mko karibu nazo. Mnakaa chini mpaka saa 5 na nusu, mnapanda kwa njia ya Lerai, na kabla ya saa 8 mmeshatoka langoni. Kibali kimoja kimefanya kazi ya siku mbili. Wanaoingia asubuhi na kulala ndani hujikuta kesho yake wanakimbizana na saa, na wakichelewa wanalipa siku nyingine, watu wote waliomo garini.

Anayelala Karatu na kutaka kushuka asubuhi naye anaweza, lakini aondoke saa 11 na nusu, asubiri lango lifunguliwe saa 12, apande msituni, azunguke ukingo hadi njia ya kushukia ya Seneto. Akikanyaga sakafu ni karibu saa 2. Si mbaya, ila simba wa asubuhi anakuwa ameshalala.

Nikija kwenye hoteli zenyewe. Ngorongoro Crater Lodge ndiyo uliyoiweka ya kwanza, na sikulaumu. Nje vibanda vyake vimechukua sura ya boma la Kimaasai, ndani kuna vinara vya kioo, waridi na beseni la kuogea lililoelekezwa kretani. Ina suiti 30 zilizogawanywa kambi tatu, mbili zenye 12 kila moja na ndogo ya Tree Camp yenye 6. Ukiamua hiyo, omba Tree Camp, maana kelele ni kidogo. Lakini fahamu kwamba msimu wa wageni wengi bei yake inapita dola 1,000 kwa mtu kwa usiku mmoja, na ndani ya bei hiyo kuna vinywaji vya kila aina. Ninyi watatu hamgusi pombe. Mtakuwa mnalipia mvinyo wa meza ya jirani.

Ngorongoro Serena ndiyo ningekuchagulia. Si hoteli ndogo, lakini imejengwa kwa mawe na kulala kufuata ukingo, vyumba vinatazama kreta, na iko upande wa njia ya Seneto. Korido zake ni ndefu na ngazi zipo, kwa hiyo andika mapema kwamba una mzee na mnataka chumba cha karibu na ukumbi wa chakula. Sopa iko peke yake upande wa mashariki. Faida yake ni mbili: ina barabara ya kushuka na kupanda pale karibu, wakati Seneto ni ya kushuka tu na Lerai ni ya kupanda tu; na jua linazama mbele yako, ng'ambo ya kreta. Hasara yake ni kwamba kutoka huko hadi langoni ni mbali, kwa hiyo ile hesabu yangu ya saa 24 inabana. Rhino Lodge ni nafuu kuliko zote hizo, ila inatazama msitu na kreta haionekani. Usije ukadanganywa na jina. The Highlands, yenye mahema ya kuba mlimani Olmoti, ni nzuri mno kwa watu wanaotaka kutembea kwa miguu na askari wa wanyamapori kwenda kreta ndogo za Olmoti au Empakaai. Kwa mama mkwe wako, hapana. Iko juu zaidi ya ukingo, na pumzi itamsumbua.

Karatu ndiko hoteli ndogo za kifahari zinakostahili jina hilo. Gibb's Farm lilikuwa shamba la kahawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, likaanza kupokea wageni mwaka 1972, na mpaka leo mboga ya mezani inatoka bustanini pale pale. Kotaji zake zina mahali pa kuota moto, na nyuma yake msitu wa hifadhi unaanza. Kuna njia ya miguu kwenda kwenye mapango ambayo tembo huyachimba kwa pembe wakitafuta udongo wa chumvichumvi. Safari hiyo inahitaji mwongozaji na ada yake ni ya pembeni. The Manor iko katikati ya shamba la kahawa la Shangri-La, nyumba zake zimejengwa kwa mtindo wa Waholanzi wa Cape, na kila jengo lina nafasi ya kutosha familia. Mkiwa watatu, hapo ndipo mama anapata chumba chake bila kutengwa. Barabara za kwenda kwenye mashamba haya ni udongo mwekundu. Leo nikiandika mvua haijaisha na magari yanateleza kama yamepakwa sabuni. Mwezi wa nane mtakuta vumbi tu.

Kabla hujatuma amana hata shilingi, uliza haya, tena kwa maandishi. Maji ya moto yanatoka wapi? Kama ni sola peke yake, ukungu wa siku mbili unatosha kuyaua. Unataka sola yenye hita ya umeme ya kusaidia, au tanuri la kuni. Umeme unakatwa saa ngapi? Zipo loji zinazozima jenereta usiku, na kama mama anatumia mashine yoyote kitandani, au insulini inayotaka friji, hilo linabadilisha kila kitu. Chumba kinapashwa joto na nini? Moto wa kuni ni raha, ila uwashwe saa 12 jioni ndipo chumba kiwe na joto saa 2 mnapotoka kula. Kuni mbichi zinafukiza tu, zikatae. Na popote mtakapolala, msikubali jiko la mkaa liingizwe chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake inaua mtu amelala. Chupa ya maji ya moto miguuni, iliyovalishwa mfuko, inatosha kabisa, na hoteli nzuri inaiweka kitandani bila kuombwa.

Uliza pia neno lenyewe lililoandikwa kwenye fomu: chumba "kinachotazama kreta" au "upande wa kreta"? Hayo ni mambo mawili. Uliza kama bei ina kodi ya ongezeko la thamani, na kama ina ile ada ya kulala ndani ya hifadhi, ambayo hoteli za ukingoni hutozwa na za Karatu hazitozwi. Watu wengi hulinganisha bei mbili wakasahau hilo, kisha wanashangaa bili. Taka bei ya wakazi. Haitangazwi sana, lakini ipo, na wakati mwingine ni nusu ya ile ya wageni. Bila kitambulisho cha taifa cha NIDA au pasipoti mkononi hutaipata hotelini wala langoni, na nakala ya kwenye simu wengine wanaikataa. Mama asiache chake nyumbani.

Suala la nyama ya halali halina shida huku, ila liandike pamoja na maombi mengine ili mpishi alijue kabla ya lanchi boksi kufungwa. Na hiyo lanchi boksi kuleni ndani ya gari. Pale Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko, ni mahali pazuri pa kupumzika, lakini mwewe wa pale wamezoea. Anashuka kwa nyuma, anachukua paja la kuku mkononi mwako na kukuachia mikwaruzo.

Gari lazima liwe la kuendesha magurudumu yote manne, vinginevyo hamshuki. Ada ya kushuka kreta inalipwa kwa gari, si kwa kichwa, ndiyo maana gari moja la watatu ni afadhali kuliko mbili. Malipo yote ya hifadhi yanakwenda kwa namba ya malipo, hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo dereva alipe siku moja kabla akiwa Karatu, ambako mtandao hausuasui. Karatu hapohapo jazeni mafuta na mtoe hela za bahashishi benki. Kutoka Arusha hadi hapa ni kama kilomita 150 za lami, mkikata kulia Makuyuni. Wekeni saa tatu, na mheshimu vibao vya 50 kila kijiji, hasa Mto wa Mbu. Mkiamua kuruka kwa ndege ndogo hadi uwanja wa Manyara, mzigo ni kilo 15 kwa mtu na begi liwe laini. Masanduku magumu ya shemeji yabaki Kariakoo.

Kuhusu mama na presha yake: usiku wa kwanza wa Karatu ndio unaomzoesha kimo, usiuruke. Ukingoni atembee taratibu, anywe maji, dawa asizikatishe. Mavazi yawe ya kuvuliwa moja moja. Saa 12 asubuhi atahitaji kofia ya sufu, soksi nene na koti. Saa 5 akiwa chini kretani atabaki na dera na kitenge cha kujifunika vumbi. Mwambie pia kwamba usiku hatoki chumbani peke yake, hata kwa hatua ishirini. Nyati huja kula majani bustanini, na kila hoteli ina askari wa kusindikiza wageni. Anapigiwa simu mapokezi au anamulikiwa tochi, anakuja. Na asitafute twiga huko chini, hawashuki. Kingo ni kali mno kwao. Tembo atakaowaona kwenye msitu wa Lerai kretani ni madume wazee wenye pembe ndefu. Majike na watoto hubaki zaidi misitu ya juu.

Kama mnaweza kusogeza tarehe, Februari ni bora kuliko Agosti: joto kidogo, majani mabichi, vitoto vya nyumbu na pundamilia tele. Kama Agosti ni lazima kwa sababu ya shule, basi vyumba vya ukingoni vinajaa mapema, na leo ni mwezi wa tano. Nitumie tarehe tatu mbadala na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, nikuulizie bei ya wakazi Serena na The Manor wiki hii hii. Amana usitume mpaka wamekujibu lile swali la maji ya moto.

Msalimie shemeji, na mama mkwe umwambie sweta anunue kabisa huko Dar.

Ndugu yako,
Baraka