Risala ya wahitimu wa kidato cha nne, Lindi, kwa mgeni rasmi kutoka kampuni ya gesi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Lindi. Tumefurahi kumpata mgeni anayetoka kwenye utafutaji wa gesi baharini, maana sisi ni rika lililokua na habari za gesi. Tulikuwa hatujaanza shule kisima cha Pweza kilipopata gesi mwaka 2010. Mwaka 2012 ikafuata Zafarani, kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 2,000. Leo gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, na sehemu kubwa iko huko bahari kuu.

Hapa Likong'o wananchi wameshapisha mashamba yao kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi hiyo. Juni 2022 Serikali ilisaini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell, lakini hadi leo kiwanda hakijaanza kujengwa. Mheshimiwa, hatunung'unikii mazungumzo kuchukua muda. Mkataba mbaya ukisainiwa kwa haraka, watakaoulipia ni sisi na watoto wetu. Ombi letu ni kwamba muda huu wa kusubiri utumike kutuandaa.

Mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kwamba gesi ikipoozwa hadi nyuzi joto 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika na ujazo wake hupungua takriban mara 600, ndipo ipakiwe melini. Alichora ubaoni kwa chaki, tukaelewa vizuri. Lakini katika maabara yetu mabomba hayatoi maji, na majaribio ya kemia tumeyafanya kwa jiko la mafuta ya taa, darasa zima tumelizunguka jiko moja. Tunaiomba kampuni yako iwakamilishie wadogo zetu maabara hii, ikiwa na mfumo wa gesi.

Wapo kati yetu watakaokwenda vyuo vya ufundi vya VETA, wasichana wakiwemo. Uchomeleaji wa bomba la gesi si sawa na wa mageti: kila kiungo hupigwa picha ya eksirei kutafuta ufa usioonekana kwa macho. Tunaomba ufadhili wa mafunzo ya kiwango hicho, ili kiwanda kikianza kisiagize mafundi kutoka mbali na kutuachia sisi ulinzi na usafi tu. Hizo nazo ni kazi za heshima, ila tunaweza zaidi.

Wazazi wetu wavuvi nao wametutuma. Meli ya utafiti wa gesi huburuta nyaya za kilomita kadhaa, na mitego hulazimika kuondolewa. Wanaomba taarifa ifike dikoni mapema, kwa Kiswahili, ikitaja eneo na siku, na iwaeleze nani atawalipa nyavu zikikatwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.